CD ya Mwisho

Siku ya kuanua matanga ya Bibi, mume wa binamu yangu alitukuta wanawake tumejikusanya sebuleni mbele ya tamthilia ya Kikorea. Akasimama mlangoni na kutoa hotuba ambayo hakuna aliyemwomba. Alisema ndiyo maana ndoa za siku hizi hazidumu. Alisema wanawake wanashinda wanatazama Wakorea, wanajifunza kiburi, halafu wanataka kuishi kama kwenye picha. Wakati anasema alikuwa ameshika sahani ya wali tuliompikia sisi hawahawa watazamaji, na minofu alishajichagulia. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Sasa msiba umekwisha, na mimi si mtu wa kumeza neno likanikaa kooni.

Jioni ileile nilikabidhiwa sanduku la Bibi, lile la mbao alilokuja nalo kutoka upande wa Mahenge akiwa mwali. Nilipoinua kifuniko nilipigwa na harufu ya mpunga uliokaa ndani ya gunia, vumbi lile linalokuna koo hata kabla hujapiga chafya. Nikakaa chini palepale kwenye sakafu. Nilikuwa nimerudi Viwanja Sitini ya utoto wangu, mtaani kwa Bibi, na pengo mdomoni.

Tulitoka Uchindile kwa treni, mama na mimi, bila kumuaga mtu. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miti, na asubuhi hiyo alikuwa ameshapanda mlimani. Mama alijiziba mdomo kwa kitenge safari nzima. Tulipovuka Mlimba nikamuuliza anaficha nini, akashusha kitenge kidogo akanionyesha. Jino lake la mbele la juu halikuwepo. Mimi nilifurahi, nisiseme uongo. La kwangu lilikuwa limeng'oka juma lilelile, mahali palepale, na niliona sasa tumekuwa pacha.

La kwangu nilikuwa nimelitupa juu ya bati kama watoto wote tulivyofundishwa, ili lije jipya. Nikamuuliza yeye la kwake amelitupa bati gani. Akasema limepotea. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi, maana jino lisilotupwa juu ya bati, nani atajua kwamba unasubiri jingine? Tangu siku hiyo kila asubuhi nilimwomba mama acheke nione kama limeanza kuchungulia. Langu lilikuja, jeupe, limepinda kidogo. La mama nikaendelea kulingoja, na sikuelewa kwa nini Bibi kila akinisikia naliulizia alikuwa anageuka na kutafuta kitu cha kufagia.

Bibi alikuwa Mkatoliki wa misa ya asubuhi, wa kutembea na rozari hata shambani. Alitupokea bila swali. Lakini majirani wote walijua msimamo wake kuhusu ndoa, kwa sababu alikuwa ameutangaza miaka yote kwa sauti kubwa: kilichofungwa altareni hakifunguliwi na mwanamke aliyekasirika. Mabinti wangapi wa watu wengine aliwasindikiza mwenyewe hadi kwa waume zao, na mzigo amewabebea. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa anaishi kwao kama mgeni, anaamka wa kwanza, anafua hata visivyochafuka.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Mama Teddy, mwenye televisheni na deki. Kati ya chakula cha mchana na moshi wa jioni, wanawake wa mtaa walikusanyika kwake kila mmoja na ungo wake. Ilikuwa baada ya mavuno, mchele upo, na mchele lazima uchambuliwe. Kwa hiyo usije ukaniambia walikuwa wavivu. Mikono ilitoa mawe na chuya bila kuangaliwa, na macho yalikuwa kwenye kioo. Watoto tulikaa chini, mimi na Teddy binti yake, tunatafuna punje mbichi zinazodondoka.

Kaka yake Mama Teddy alikuwa ameleta kutoka Dar tamthilia nzima kwenye kasha la plastiki, CD nne, zimetafsiriwa. Vijana wa leo wenye maandishi chini ya picha hawajui raha ile. Mtafsiri alikuwa mmoja, mwanaume, na yeye ndiye aliyesema maneno ya wote, ya mama mkwe, ya mtoto mchanga, ya polisi. Akichoka kutafsiri alitoa maoni yake: dada huyu naye hajitambui, jamani. Mimi niliamini kwamba yule mtu ndiye anayewaamrisha. Akisema sasa anaingia ndani, wanaingia. Nilimwogopa kuliko padri.

Majina yao ya Kikorea hayakukaa mdomoni, hivyo kila mhusika alibatizwa upya pale kwenye mkeka. Mke aliyeteswa aliitwa Konsolata, kwa sababu ya upole wa uso. Mumewe, kijana wa suti, alikuwa Meneja. Mama mkwe alipewa jina la Bi Mkubwa, na alipotokea tu wanawake walimfyonya kabla hajafungua mdomo. Konsolata alikuwa ameolewa kwenye ukoo wa matajiri, Bi Mkubwa akamfanya mtumishi, na siku moja Meneja akampiga kofi mbele ya wageni. Konsolata akafunga begi lake akaenda mji mdogo kando ya mto, akafungua kibanda cha kuuza supu.

Basi hapo ndipo mtaa wetu ulipogawanyika. Nimekaa kwenye vikao vingi tangu wakati huo, vya ofisi na vya harusi, na sijasikia watu wakichambua jambo kama wale wanawake walivyomchambua Konsolata. Mama Teddy alikuwa upande wa Meneja. Alisema kijana hana ubaya, ubaya ni wa mama yake, na kofi moja halivunji nyumba. Mpinzani wake alikuwa Mama Shija, Msukuma mrefu ambaye mumewe alikuja bondeni na ng'ombe. Yeye aliongea mara chache, na akiongea mchele ulisimama mikononi. Bibi alikaa kwenye kigoda peke yake, akasema mke ni mke hata akiuza supu. Mama hakuwa na upande. Alichambua mchele, midomo ameibana, na alikuwa wa kwanza kumaliza ungo kila siku.

CD ya tatu iliishia vibaya. Meneja amefika kwenye mji wa supu, mvua inamnyeshea, amepiga magoti mbele ya kibanda na suti yake. Ndani, Konsolata amesimama, mkono uko kwenye komeo la mlango. Mtafsiri akasema, ndugu mtazamaji, atafungua au hafungui, na picha ikakatika.

Nyumba ililipuka. Mama Teddy alisema mwanaume akishapiga magoti kwenye tope mbele za watu, mlitaka akatwe kichwa? Mama Shija akangoja kelele zipungue. "Nimeona magoti yakiomba msamaha," alisema. "Ule mkono uliopiga bado sijausikia." Watu wakacheka, wengine wakaguna. Katika kicheko hicho Mama Teddy, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akamgeukia Bibi akauliza na huyu wa kwako je, mama, yeye atafungua?

Mama aliacha kuchambua. Bibi hakuinua macho kwenye ungo.

"Tumalize kwanza huyu wa kwenye televisheni," alisema. "Wa kwangu atafuata."

Kila mtu alicheka tena, pamoja na mama, kiganja kikiwa mdomoni. Mimi peke yangu sikucheka. Niliyachukua maneno ya Bibi kama yalivyo, maana Bibi hakuwa mtu wa mzaha. Nilielewa kwamba Konsolata akifungua lile komeo, mama atafungiwa mzigo na kurudishwa Uchindile. Na kaka yake Mama Teddy alikuwa ameshatuambia, siku anakabidhi lile kasha, kwamba mwishoni tuandae vitambaa vya machozi. Niliwaza nikaona watu wazima hulia mtu anaporudi kwa mumewe. Niliwaona wakilia hivyo kwenye harusi.

Siku iliyofuata umeme ulikatika. Teddy alikuwa anaoga, mama yake yuko kisimani, na kasha liko juu ya televisheni chini ya kitambaa cha kufumwa. Nikaitoa CD ya nne, nikaiingiza ndani ya gauni, nikatoka nikitembea wima. Nyumbani kulikuwa na gunia moja ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, la mbegu ya Shingo ya Mwali, mpunga ambao Bibi aliutunza kuliko sisi. Lilikuwa limeshonwa na lingefunguliwa mvua zikianza. Kona moja mshono ulikuwa umelegea. Niliisukuma CD humo hadi kiwiko kikazama.

Umeme uliporudi, mtaa ulipekuliwa. Wakainua mikeka, wakafunua vyungu. Mama Teddy akaamua ni Teddy aliyeichezea, akamchapa ndala mbili za mgongo mbele yangu. Teddy aliapa kwa watakatifu wote anaowajua. Nilimwangalia akilia na sikusema kitu. Kwa mengine yote nitakayosema hapa sitaomba radhi, lakini kwa hilo sijitetei.

Wanawake hawakuacha kukusanyika. Waliweka ungo mapajani wakakaa mbele ya kioo kilichozimwa, na kila siku mmoja alitoa mwisho wake. Kuna aliyemfungulia Meneja kisha akamuua Bi Mkubwa kwa presha. Kuna aliyemwozesha Konsolata kwa daktari wa mji wa supu. Mama Teddy aliwapa mapacha. Ilifika zamu ya mama, wakamwambia na wewe Agnes, sema wa kwako. Akasema yeye hajui. Lakini nilimwona, kwa mara ya kwanza, amebaki na ungo mbele yake wakati wenzake wamemaliza.

Kisha habari zikaja kwamba Jumamosi upande wa baba watafika. Ijumaa nilijipenyeza ndani kuangalia gunia. Kona ile iliyolegea ilikuwa imeshonwa upya, kwa kamba ngumu, mishono ya karibukaribu. Nikafurahi. Nikaona sasa hata panya hawezi.

Wakaja, baba na kaka yake mkubwa, mzee wa shati jeupe ambaye tulimwita Baba mkubwa. Mama Teddy na Mama Shija walikuwa wamekuja kusaidia kupika wali na samaki wa mtoni, na chakula kilipokwisha waligundua kwamba masufuria yanahitaji kusuguliwa taratibu sana pale uani. Nilimwamkia baba, akanipakata, akanipa biskuti. Nilimpenda baba. Nasema hili ili mtu asidhani nilifundishwa chuki.

Baba mkubwa aliongea vizuri. Alisema vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, na kwamba wamekuja kuchukua mtu wao. Akamtazama mdogo wake. Baba akashuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye udongo mbele ya Bibi na mama. Uani sufuria zilinyamaza.

Nikamsikia Mama Shija akimwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini sana, "Yule alinyeshewa. Huyu hata mvua hana."

Baba alisema amekosa. Alisema yalikuwa ya pombe na pombe ameacha, na yaliyopita yamekwisha, hata kidonda kimeshapona. Mimi nilikuwa kwenye kona na biskuti yangu, na jambo hilo nililijua vizuri kuliko yeye, kwa kuwa nilikuwa nakagua kila asubuhi.

"Bado," nikasema. "Jino lake halijaota."

Hakuna aliyenikemea. Nilifikiri nimewasaidia. Baba aliangalia chini na hakuinua tena kichwa, nami nikaiweka chini biskuti aliyonipa. Sikuomba tena mama acheke nione.

Mama alishusha mkono kutoka mdomoni. Akaongea pengo likiwa wazi, wote wakilitazama.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Mimi sirudi."

Baba mkubwa hakumjibu yeye. Alimgeukia Bibi, akasema, mama, wewe ndiye mzazi, wewe ni mtu wa kanisa, unajua hii ndoa ilifungwa wapi. Tunangoja neno lako. Nami nilijua tumekwisha. Bibi alihesabu punje mbili tatu za rozari. Alimtazama binti yake mdomoni, akatazama mkeka, kisha akamtazama mgeni.

"Niliahidi mbele ya hawa majirani kwamba tutamaliza kwanza ya kwenye televisheni," alisema. "Haijaisha. CD ya mwisho imepotea. Mimi sijazoea kuvunja ahadi."

Baba mkubwa alidhani hakusikia vizuri. Alipohakikisha amesikia, alisimama. Akauliza inawezekanaje mama mtu mzima kulinganisha sakramenti na picha za Wachina.

"Wakorea," Mama Teddy akamsahihisha kutoka kwenye sufuria, yeye mwenyewe aliyekuwa upande wa Meneja tangu mwanzo.

"Ikipatikana nitawaita," Bibi akasema. "Karibuni tena."

Walikuja tena mwaka uliofuata, na mwingine. Kila mara Bibi aliwapikia, akawasikiliza hadi mwisho, akasikitika kwamba haijapatikana. Baadaye hawakuja. Mama alifungua kibanda cha supu ya samaki karibu na stendi, na wanawake wa mtaa wakamwita Konsolata hadi wateja wakadhani ndilo jina lake. Supu hiyo ndiyo iliyonisomesha. Mvua za kupanda zilipoanza, Bibi alilifungua gunia la mbegu mwenyewe, na mimi nikachota na kuchota hadi chini. CD haikuwemo. Nikaamini panya wameshinda.

Basi shemeji, unayesema wanawake wanashinda bure mbele ya Wakorea, ngoja nikueleze nilichokuta kwenye sanduku. Chini kabisa, chini ya vitenge vya jumuiya, kulikuwa na cheti cha ndoa cha Bibi, kimekunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na CD ya nne. Nikaigeuza upande unaong'aa. Ilikuwa imekwaruzwa kwa msumari, mistari ya kwenda na ya kurudi, mingi, kwa mkono uliotulia, hadi hakukuwa na mahali pa ukubwa wa punje ya mchele palipobaki mng'ao. Panya hafanyi kazi hiyo. Mwanamke yule aliyeamini kwamba kilichofungwa hakifunguliwi alichukua msumari, akahakikisha, na kesho yake akawaambia watu waliokuja kumkumbusha altare yake kwamba anangoja CD ipatikane.

Nililia, kisha nikatoka nayo uani. Mama alikuwa amekaa na Teddy wanachambua mchele wa kesho. Nikampa Teddy CD mkononi nikamwambia nilikuwa mimi. Aliiangalia, akaniangalia, akavua ndala yake akanichapa mbili za mgongo, tena si za utani. Tukahesabiana tumemalizana.

Halafu Teddy, kwa kuwa ni mtoto wa mama yake, akatoa simu. Alisema siku hizi kila kitu kipo humu, hata za zamani, dakika moja tu ataipata, hatimaye tujue kama alifungua. Kidole kilikuwa kimeshaanza kuandika. Mama aliweka mkono juu ya kioo cha simu. Pengo lake hakuwahi kuliziba, na alikuwa anacheka, mdomo wazi, mikono yote miwili ikiwa na kazi nyingine.

"Ya nini?" alisema. "Ile si tuliimaliza."